Pishi ya Kweli kwa Walio Chini ya Uangalizi

Mwenye duka akipima mchele kwa pishi yenye kitako cha uongo, mnunuzi huondoka na kapu jepesi, ingawa ameambiwa kipimo ni sawa. Hesabu za wahalifu wanaorudia makosa nazo zaweza kutiwa kitako, na wanaopunjwa ni wananchi.

Mahakama inapomwacha mkosaji nje chini ya uangalizi badala ya kumpeleka gerezani, hutumaini kwamba atatulia, atafanya kazi na kulea watoto wake. Ni haki yetu kuuliza kama tumaini hilo limetimia. Lakini yatupasa kwanza kujua kinachohesabiwa.

Tazameni mambo ya Uingereza, nchi iliyoturithisha utaratibu huu. Huko, mtu huhesabiwa kuwa amerudia iwapo ametenda kosa ndani ya mwaka 1, nalo likathibitishwa mahakamani, au kwa onyo rasmi la polisi, ndani ya mwaka huo au miezi 6 inayofuata. Aliyeiba asikamatwe hamo katika hesabu. Polisi wakilegea, tarakimu hupendeza.

Mwaka 2014 Serikali ya huko iliigawa kazi ya uangalizi. Wahalifu wasiodhaniwa kuwa wa hatari kubwa walikabidhiwa kampuni 21, na mwaka 2015 kampuni hizo zikaingia mikononi mwa wenye mitaji. Sehemu ya malipo yao ilifungamanishwa na hesabu ya wanaorudia makosa. Mwaka 2017 wakaguzi waliripoti kwamba wapo wahalifu waliosimamiwa kwa kupigiwa simu tu, kila baada ya wiki 6.

Ripoti ya ukaguzi wa hesabu za Serikali ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba, tangu 2011 hadi Machi 2017, waliorudia makosa walipungua kwa 5 katika kila wahalifu 200. Lakini wale waliorudia, makosa ya kila mmoja kwa wastani yaliongezeka kwa asilimia 22. Aliyesoma tarakimu ya kwanza alishangilia, na aliyesoma ya pili alishika tama; na zote mbili zilikuwa za kweli. Mwaka 2021 kazi yote ilirudishwa serikalini.

Sisi twasema hesabu ni mtumishi mwema na bwana mbaya. Tanzania ina sheria ya uangalizi, na tangu mwaka 2002 ina Sheria ya Huduma kwa Jamii. Wanaozisimamia hawana budi kutangaza tarakimu zote mbili: wangapi wamerudia, na wamerudia mara ngapi. Tena wasimlinganishe kijana wa kosa la kwanza aliyeachwa nje na mwizi mzoefu atokaye gerezani, kisha wakadai kwamba uangalizi umeshinda. Wenye historia sawa ndio walinganishwe.

Wala malipo ya mtu yasitegemee tarakimu hizo, maana anayelipwa kwa pishi hujifunza kuitia kitako. Ofisa wa uangalizi apewe watu anaoweza kuwafahamu kwa nyuso na kuwatembelea majumbani.

Nanyi, ndugu wafanyakazi, mna sehemu yenu. Aliye chini ya uangalizi akibisha hodi kiwandani kutafuta kazi, msimfukuze kwa sababu ya jana yake. Asiye na kazi wala wa kumpokea ndiye mwepesi wa kurudi mahakamani.