Mtandao wa Nyumba ya Walimu

Mwanachuo akiulizwa darasani maana ya mtandao usiotumia waya, hujibu bila kusita, kwa maneno yale yale yaliyoandikwa ubaoni. Lakini wanachuo wanne wanapopelekwa katika mazoezi ya kufundisha na kupangiwa nyumba moja, kila mmoja hununua bando lake, na kabla mwezi haujafika katikati hakuna awezaye kufungua kitabu cha kiada kilichomo katika maktaba ya mtandaoni ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Kwa maoni yangu, hilo si tatizo la fedha peke yake. Ni dalili kwamba tumefundisha maana ya neno, wala hatukufundisha kazi.

Mwalimu hana budi kuelewa kwanza kwamba waifai na intaneti ni vitu viwili. Waifai, ambayo kanuni zake za kwanza zilitolewa mwaka 1997, ni njia ya vyombo kuwasiliana kwa mawimbi ya redio humo humo nyumbani. Intaneti huingia kwa mlango mmoja tu, yaani laini ya simu au waya uliounganishwa na ruta. Ruta hukipa kila chombo namba yake, hupeleka nje maombi ya wote, kisha hurudisha kila jibu kwa mwenyewe. Yafaa wanachuo waigize jambo hili: mmoja awe karani mlangoni, wengine wampe barua zenye namba. Atakayeigiza hivyo atang'amua kwamba bando likiisha, kilichofungwa ni mlango. Vyumba vingali wazi. Kitabu kilichopakuliwa juzi katika kompyuta moja bado chaweza kupelekwa katika nyingine kupitia ruta ile ile, bila kulipa hata senti. Kwa shule ya kijijini sioni faida kubwa kuliko hiyo, nayo ndiyo tunayoisahau.

Kazi yenyewe si ndefu. Ruta iwekwe juu, katikati ya nyumba, mbali na kabati la chuma. Mawimbi ya gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri kuliko yale ya gigahezi 5, ingawa haya ya pili yana kasi zaidi. Maneno ya siri ya kiwandani yabadilishwe siku hiyo hiyo, lile la kuingilia mtandao na lile la kufungulia mipangilio ya ruta (hili la pili wengi hawajui hata kama lipo). Ulinzi uwe WPA2 au WPA3; ule wa zamani, WEP, udhaifu wake ulikwisha kufichuliwa mwaka 2001.

Wapo watakaosema chuo hakina ruta za kutosha. Simu moja ya kisasa yatosha kuanzia, kwani nayo huweza kuwagawia wengine intaneti yake. Mkufunzi akae kando, asiishike yeye.

Lililo gumu ni mapatano. Kompyuta moja ikijipakulia masasisho usiku yaweza kumaliza bando la nyumba nzima, na asubuhi mwenye andalio la somo akakuta hana kitu. Kabla ya kuchanga fedha, wakazi wapatane kuhusu masasisho, video, na mtunza neno la siri. Neno hilo lisibandikwe ukutani sebuleni, kwa maana wageni wa nyumba ya walimu ni wengi, na baadhi yao ni watoto wa darasa la saba, ambao macho yao ni makali.