Ada ya Kifurushi

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Hivyo ndivyo walivyonena wahenga, na kila ninapowasikia wakubwa wetu wa elimu, wenye shule, na hata wazazi wenzangu wakiyasifu masomo ya mtandaoni, methali hiyo hunijia kichwani. Tunaambiwa kwamba simu na intaneti ndizo zitakazomkomboa mtoto wa maskini. Mimi nathubutu kusema kwamba, kwa namna tunavyozitumia leo hapa Tanzania na kwa majirani zetu wa Kenya, zinamrudishia mzazi ada ile ile aliyoambiwa kwamba imefutwa. Jina tu ndilo lililobadilika. Zamani iliitwa karo. Leo yaitwa kifurushi.

Ndugu msomaji, usinidhanie kuwa ni adui wa mashine. Chombo chenyewe hakina kosa. Ninachokikataa ni ile desturi iliyoingia kimyakimya, ya shule kuichukua kazi yake, kuitia katika simu, na kuitupa mlangoni kwa mzazi.

Desturi yenyewe sote twaijua. Jioni, baada ya watoto kurudi, ujumbe huingia katika kundi la WhatsApp la wazazi: kazi ya leo ni hii hapa. Chini yake huwa pana picha ya ukurasa, au faili la kupakua, na pengine video ya kutazama. Mwalimu amemaliza. Sasa ni zamu ya mzazi. Awe na simu janja, si kile kitochi cha kupigia na kupokea tu. Awe na chaji. Awe na kifurushi. Kisha aende steshenari wakamtolee kurasa, kwa sababu mtoto hawezi kuandika majibu juu ya kioo cha simu. Wako walimu wanaotaka hata majibu yapigwe picha na kurudishwa usiku ule ule.

Tufanye hesabu. Tuseme mtoto mmoja anahitaji kurasa 10 kwa wiki, na kila ukurasa ni shilingi 200. Hizo ni shilingi 2,000. Tuseme kifurushi cha kupakulia mambo hayo ni shilingi 1,000 kwa wiki. Jumla ni 3,000. Mwaka wa masomo wa Tanzania una siku 194, yaani wiki 39 hivi. Zidisha: shilingi 117,000 kwa mwaka, kwa mtoto mmoja. Sasa kumbuka kwamba ada ya sekondari ya serikali ya kutwa, iliyofutwa kuanzia Januari 2016 kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Na ruzuku iliyowekwa kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka. Hata ukikumbuka kwamba shilingi ya leo si ile ya miaka ile, na hata ukiikata hesabu yangu nusu kwa nusu, bado mzazi anatoa zaidi ya ilichofuta serikali, na zaidi ya inachotoa.

Tena ada ya zamani ilikuwa na adabu yake. Ilikuwa na kiwango kinachojulikana, ilikuwa na stakabadhi, na mbunge aliweza kusimama bungeni akaisema. Ada ya kifurushi haina stakabadhi wala msemaji. Mwalimu mkuu atakuapia kwamba shule yake haitozi hata senti moja, naye atakuwa anasema kweli. Fedha haipiti mikononi mwake. Inakwenda kwa kampuni ya simu na kwa mwenye mashine ya kuchapishia.

Fedha si yote, na pengine si kubwa. Kubwa ni kwamba mzigo huu hauwaangukii watu sawasawa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayeutuma hauoni uzito wake. Mfikirie mama lishe anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kwenda kuwasha jiko, akarudi saa mbili usiku. Simu ya nyumba ile ni moja, nayo iko naye kutwa, maana ndiyo anayopokelea fedha za wateja. Mtoto anarudi shuleni saa tisa na hana cha kufanya mpaka mama arudi. Mama anaporudi, steshenari zimefungwa na mtoto anasinzia. Kesho yake darasani mwalimu anauliza nani hakufanya kazi. Shule moja ya msingi ninayoijua iliwasimamisha watoto wa namna hiyo mbele ya wenzao. Nauliza: mtoto yule alikuwa na kosa gani? Alihukumiwa kwa sababu ya saa za kazi za mama yake.

Mtoto wa jirani, ambaye baba yake yu ofisini penye intaneti na mashine ya kuchapishia, alileta kurasa safi zenye rangi, akapigiwa makofi. Hapo hatukupima nani anajua hesabu. Tulipima nani ana printa. Shule, ambayo kazi yake ni kuwaketisha watoto hawa wawili kwenye dawati moja, inakuwa imewatenganisha tena.

Yasidhaniwe kuwa ni mambo ya Dar es Salaam tu. Wakenya waliyaonja makali haya pale mtaala wao mpya wa umilisi, ule uliojulikana kama CBC, ulipoanza kutumika nchi nzima mwaka 2019. Wazazi walilalamika, hasa mwaka 2021, kwamba jioni zao zimekuwa za kukimbilia saiba: kutafuta picha, kuipakua, kuichapisha, kulipa, ili mtoto asiende shule mikono mitupu. Kenya ilifuta karo za msingi Januari 2003, na watoto wakafurika madarasani. Miaka 16 baadaye mzazi yule yule akawa anahesabu sarafu mbele ya mwenye saiba.

Tulifikaje hapa? Nadhani chanzo kimoja ni mwaka 2020. Korona ilipoingia, Tanzania ilianza kufunga shule tarehe 17 Machi, na madarasa mengi yakarudi tarehe 29 Juni. Kenya ilifunga katikati ya Machi, na wanafunzi wengi hawakurudi mpaka Januari 2021. Katika dharura ile kila njia ilikuwa halali: redio, televisheni, simu, hata kubandika maswali ukutani. Mwezi Desemba 2020 mashirika ya Umoja wa Mataifa ya UNICEF na ITU yalitangaza kwamba thuluthi mbili ya watoto na vijana wa dunia wenye umri wa miaka 3 hadi 17, yaani bilioni 1.3, hawakuwa na intaneti nyumbani. Ilitosha kutufundisha kwamba mtandao ni gongo la mgonjwa, si mguu. Lakini shule zilipofunguliwa, wengi wetu tuliendelea na gongo. Mguu umepona, nasi bado twachechemea, tena kwa gharama ya mzazi.

Najua watakaonijibu. Wa kwanza watasema: dunia imebadilika, mtoto lazima azoee teknolojia. Nakubali. Lakini kumfundisha mtoto kompyuta ni kazi ya shule, saa za shule, kwa kompyuta ya shule. Hatumwambii mzazi anunue darubini ili mtoto asome biolojia. Kwa nini tumwambie anunue intaneti ili mtoto asome hesabu?

Wa pili watasema: serikali imeshagawa vifaa. Naam, na hapo ndipo hoja yangu inapopata nguvu. Kenya iliahidi kompyuta mwaka 2013, na kuanzia 2016 ikapeleka vifaa zaidi ya milioni 1 katika shule za msingi za umma zaidi ya 21,000, kwa ajili ya darasa la kwanza. Mpango ule ulikuwa na kasoro zake. Mtoto alipanda darasa la pili akakiacha kifaa nyuma, na kwingine vifaa vilifungiwa stoo kwa kuogopa wezi. Lakini msingi wake ulikuwa sahihi: kifaa ni cha shule, masomo yamo ndani yake, na mwalimu yupo. Hapa kwetu, vishikwambi vilivyotumika katika sensa ya Agosti 2022 viligawiwa walimu. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba ya mtandaoni yenye vitabu vya kiada, ambamo mtu husoma bila kununua kitabu. Basi mwalimu na afungue kishikwambi chake, aichukue kazi humo, aiandike ubaoni. Chaki ile ile moja itawatosha watoto 80. Kwa nini vifurushi 80 vinunuliwe kufanya kazi ya chaki moja?

Wa tatu watasema kwamba nataka kuturudisha nyuma. La hasha. Nataka tukumbuke tuliyowahi kuyafanya vizuri. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Teknolojia ya siku zile ilikuwa redio, na redio hazikuwa katika kila nyumba. Watu hawakuambiwa kila mmoja akanunue yake. Waliundwa katika vikundi, kila kikundi kikawa na kiongozi aliyefunzwa, vikachapwa vijitabu vya kusoma pamoja na kipindi. Walisikiliza, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Walioshiriki walikuwa watu wazima wapatao milioni 2. Redio moja ilihudumia wengi kwa sababu pembeni yake palikuwa na mtu na karatasi.

Hata katika siku zetu mifano ipo. Ubongo Kids, kipindi cha watoto kilichoanza Dar es Salaam mwaka 2014, kilifundisha hesabu na sayansi kwa katuni na nyimbo, kwa Kiswahili, kupitia televisheni. Mtoto alikitazama kwa jirani, pamoja na watoto wa jirani, wala hakuna aliyemhukumu kwa kutokitazama. Hapo teknolojia ilikuwa zawadi. Inageuka kuwa kodi pale inapotiwa alama za darasani.

Liko na jambo jingine ambalo wazazi hatuambiwi. Tunapowapa watoto simu ili wasome, nani mwingine anawasoma wao? Mwaka 2022 shirika la Human Rights Watch lilichunguza programu za masomo zilizopendekezwa na serikali za nchi 49 wakati wa korona. Likaona kwamba karibu tisa katika kila kumi zilikuwa zikichukua au zingeweza kuchukua habari za watoto kwa namna inayohatarisha au kuvunja haki zao, na nyingi zikizipitisha kwa kampuni za matangazo. Mwalimu wa darasa la tatu akiuza daftari la mahudhurio kwa mfanyabiashara tutamshitaki. Programu ikifanya hivyo tunabonyeza neno "nakubali", kwa lugha ambayo mzazi hata haisomi, na kazi ya mtoto inaanza.

Ninataka nini, basi? Nataka mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mkopo wa nje.

La kwanza, kazi yoyote inayohitaji simu ya mzazi isitiwe alama, wala mtoto asiadhibiwe kwa kutoifanya. Atakayetaka kujiongezea, mlango uko wazi. La pili, kinachotumwa kwenye kundi la wazazi kiwe kimekwisha kuandikwa ubaoni au kutolewa kwenye karatasi ya shule. Ujumbe wa simu uwe nakala, usiwe asili. La tatu, mitandao ya masomo ya umma ifunguliwe bila makato ya kifurushi. Kampuni za simu zimewahi kulifanya hilo kwa baadhi ya mitandao ya masomo, hivyo haliwezi kuitwa muujiza. La nne, shule isimlazimishe mtoto kujiandikisha katika programu yoyote mpaka mzazi awe ameelezwa, kwa Kiswahili cha kueleweka, inachukua habari gani na inazipeleka wapi.

Haya nawaambia wakubwa. Lakini kwa wazazi wenzangu ninalo neno pia. Tumenyamaza mno. Katika yale makundi ya WhatsApp tunaitikia "asante mwalimu" na kuweka alama ya dole gumba, ilhali moyoni tunauma meno. Wenye uwezo hawasemi kwa sababu hawaumii. Wasio na uwezo hawasemi kwa sababu wanaona aibu, na wengine hata katika kundi hawamo, kwa kuwa hawana simu ya kuingilia. Kikao cha wazazi kikiitishwa, mwenye printa nyumbani na awe wa kwanza kusimama kuuliza: wale wasiokuwa nayo wanafanyaje? Swali hilo likitoka kwake halitaitwa malalamiko ya maskini.

Na kwa mwalimu nasema kwa heshima, kwani najua darasa lako limejaa na mshahara wako haukutoshi: simu imekupunguzia kazi, lakini kazi ile haikupotea. Ipo. Imehamia kwa mama anayeosha masufuria saa tatu usiku, ambaye hakusomea ualimu. Mrudishie nafasi ya kumwuliza mwanawe leo amejifunza nini, badala ya kumwuliza kifurushi kimebaki kiasi gani.