Krismasi Yetu: Ni Chapati au ni Jirani?

Leo nina jambo moja ambalo limenikaa moyoni tangu Desemba iliyopita. Je, kwetu sisi tunaojiita Wakristo, Krismasi ina maana gani?

Sote twajua mambo yanavyokuwa mitaani kwetu. Desemba ikifika katikati, pale steji ya 46 Kawangware watu hubeba mabegi na magunia wakielekea Machakos kantri basi waende ocha: Kakamega, Busia, Kisii. Nauli hupanda, hata mara mbili, na bado magari hujaa. Huko Toi, karibu na Kibera, akina mama hupekua mitumba wakitafutia watoto nguo. Redio nazo hupiga nyimbo za theluji, na hali jua la Nairobi linatuchoma utosini!

Sisemi chapati ni dhambi. Mimi mwenyewe nikipewa sahani huzimaliza tano. Mtu aliyebeba mawe kwenye mjengo mwaka mzima ana haki ya kufurahi na watoto wake. Lakini Krismasi ikiwa ni chapati tu, tarehe 26 tunabaki na nini? Tunabaki na deni la duka, na Njaanuari iko mlangoni.

Desemba iliyopita sisi hatukwenda ocha, nauli ilitushinda. Siku mbili kabla ya Krismasi, mama mmoja wa ploti yetu alifungiwa nyumba kwa sababu ya kodi. Alikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Aliketi juu ya mtungi nje ya mlango wenye kufuli, na giza lilikuwa linaingia. Mimi nilipita na karai la nguo nikajifanya sikumwona.

Mama yangu alipotoka kazini alimwona. Aliingia ndani akaniambia, "Toa vitabu vyako kitandani."

"Na mimi nitalala wapi?"

"Chini. Tutabanana tu."

Usiku ule mtoto alilia mpaka karibu asubuhi, nami nilikasirika, sitaficha. Siku ya Krismasi tukaenda kanisani, tukasomewa Injili ya Luka sura ya pili. Yusufu na Mariamu walisafiri mpaka Bethlehemu kwa ajili ya kuhesabiwa, wakakosa nafasi katika nyumba ya wageni, na mtoto akalazwa horini. Hadithi hiyo nimeisikia tangu Sande skuli. Lakini siku hiyo niliinamisha kichwa. Lo! Kumbe mtu wa nyumba ya wageni nilikuwa mimi!

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwa imani yetu, Mungu hakututumia salamu kutoka mbali. Alikuja akawa jirani, tena jirani asiye na pa kulala. Hakuzaliwa katika jumba la Herode. Basi anayetaka kumpokea hana haja ya kwenda mbali, aangalie kwanza milango ya ploti yake.

Wapo watakaonipinga kwamba tarehe 25 Desemba haimo katika Biblia. Ni kweli, haimo. Kumbukumbu ya zamani zaidi ya sikukuu hiyo kufanywa Desemba 25 ni ya Roma, mwaka 336. Ndugu zetu Wakoptiki, ambao wana kanisa hapo Ngong Road, husherehekea Januari 7. Lakini tarehe si hoja. Mtoto aliye nje kwenye baridi hakuulizi tarehe.

Hata wasio Wakristo wanatufundisha ujirani. Shangazi yangu anaishi Makina, Kibera, karibu na Wanubi, ambao wamekaa huko zaidi ya miaka 100. Wao ni Waislamu, na Kurani ina sura yenye jina la Mariamu. Idi ikifika shangazi huletewa pilau. Krismasi naye huwapelekea chapati.

Shangazi huyo ndiye aliyenisimulia ya mwaka 2007, kabla sijazaliwa. Wakenya walipiga kura Desemba 27, siku mbili tu baada ya Krismasi. Makanisa yalikuwa yamejaa, watu wakiimba amani duniani. Desemba 30 matokeo yakatangazwa. Kibera ikawaka, Kawangware ikawaka, jirani akamfukuza jirani kwa sababu ya kabila. Soko la Toi likateketezwa. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa kote nchini. Najiuliza, je, wale walioshika mapanga, wangapi walikuwa kanisani siku tano kabla yake? Hiyo ndiyo Krismasi inayokwisha tarehe 25.

Wanafunzi wenzangu, sisi hatuna pesa za kumlipia mtu kodi. Lakini kitanda cha kugawana kipo, sahani ya chapati ipo, na macho ya kuona yapo. Mwaka huu nikipita na karai sitageuza uso. Yule mama alikaa kwetu siku nane, kisha ndugu yake akamtumia pesa akafunguliwa. Hadi leo mtoto wake akiniona hunyosha mikono nimbebe.

Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Kwa hayo machache naweka kalamu chini. Krismasi njema kwenu nyote.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu