Mke Huachwa, Mtoto Haachwi

Katika vijiji vya nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, kuanzia Muyama hadi Kasulu na Kibondo, talaka ya mwanamke wa Kiislamu mara nyingi humalizika siku ile ile inapotamkwa. Mume hutamka, au huandika maneno machache katika karatasi ya daftari. Mke hufunga mzigo wake, humbeba mgongoni mtoto mdogo, wakubwa humfuata kwa miguu, na safari ya kurudi kwa wazazi huanza. Huko hupewa chumba, na pengine kipande cha shamba kilichochoka ambacho kaka zake hawakukihitaji. Kahawa aliyoipalilia, migomba aliyoipanda na maharagwe ambayo hayajavunwa hubaki kwa mume. Yeye huondoka na watoto.

Tangu siku hiyo mama huyo huishi kwa kibarua cha kulima mashamba ya watu na kwa kuuza ndizi siku za gulio. Walimu ndio wa kwanza kuona matokeo yake. Ni kweli kwamba ada zilifutwa katika shule za serikali mwaka 2016 hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 zikafutwa kidato cha tano na cha sita. Lakini sare haikufutwa, wala daftari, wala sabuni, wala chakula cha mchana. Mwalimu anayemrudisha mtoto nyumbani kwa kukosa mchango wa chakula hana budi kujiuliza ni nani hasa aliyekosa.

Wapo wanaume wanaosingizia dini. Husema kwamba eda ikiisha, mwanamume hana deni tena. Maneno hayo yanamhusu mke, hayamhusu mtoto. Korani, katika Sura ya Pili, aya ya 233, inamtwika baba chakula na mavazi ya mama anayemnyonyeshea mtoto wake. Na katika Sura ya 65, ambayo jina lake lenyewe ni Talaka, baba anaamrishwa kumlipa ujira mama aliyeachwa akimnyonyeshea mtoto, na kila mtu kutoa kwa kadiri ya uwezo wake, tajiri kwa utajiri wake na maskini kwa umaskini wake. Hapana sheikh aliyesoma asiyeyajua haya. Tatizo ni kwamba huulizwa mara nyingi kama talaka imepita, na mara chache sana kama watoto wamekula.

Wengine husingizia mila. Husema watoto ni wa ukoo wa baba, basi mama awarudishe ndipo watalishwa. Ajabu ya hoja hii ni kwamba watoto huwa wa baba siku ya kupokea mahari ya binti, na huwa wa mama siku ya kununua sare. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo Tanzania Bara inawahusu watu wa dini zote, ililijibu jambo hili zamani. Kifungu chake cha 129 kinasema kwamba ni wajibu wa mwanamume kuwatunza watoto wake, wawe mikononi mwake au mikononi mwa mtu mwingine, kwa makazi, mavazi, chakula na elimu kadiri ya uwezo wake. Sheria hiyo hiyo inachukulia kwamba mtoto aliye chini ya miaka 7 hufaa kukaa na mama yake, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo.

Basi dini imesema na sheria imesema. Palipovunjika ni njia ya kutoka penye talaka hadi penye haki. Kisheria, ndoa huvunjwa na mahakama, baada ya shauri kupita katika Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na Waislamu wanayo mabaraza ya BAKWATA. Vijijini wengi hawafiki huko. Mama hana hati yoyote mkononi, na kwa kuwa hana hati hudhani hana la kudai. Hili ni kosa, na watumishi wa serikali wanapaswa kulisahihisha kila walisikiapo. Matunzo ya mtoto hudaiwa hata kama ndoa haijavunjwa rasmi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamruhusu mama kwenda mahakamani, na kama yeye hawezi, inamruhusu ndugu au afisa ustawi wa jamii kwenda kwa niaba ya mtoto.

Lakini hata amri ikitolewa, namna yake huiua. Mkulima wa Muyama hana mshahara. Akiamriwa kulipa fedha kila mwezi, atalipa mwezi wa kwanza, atachelewa wa pili, na wa tatu hataonekana. Mama naye hana nauli ya kurudi mahakamani kila mara. Na hapana sababu ya amri kuwa hivyo, kwani kifungu kile kile kinasema baba aweza kutoa vitu vyenyewe au kulipa gharama yake. Iandikwe basi kwamba maharagwe yakivunwa, debe kadhaa ni za watoto. Kwamba chama cha msingi kikilipa fedha za kahawa, fungu fulani linakwenda kwa mama. Kwamba Januari, kabla shule hazijafunguliwa, sare ziwe zimenunuliwa. Iandikwe siku ile ile talaka inapofikishwa mbele ya sheikh au baraza, mbele ya mashahidi, na nakala ibaki kwa Afisa Mtendaji wa Kata.

Watu wa nyanda hizi wanakujua kuachwa nyuma. Tangu enzi za ukoloni vijana wa Buha walichukuliwa manamba kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga, na baada ya mwaka 1944 shirika la waajiri lililoitwa SILABU liliifanya kazi hiyo kwa mpango. Wengi walikawia na wengine hawakurudi. Yule wa zamani alikuwa mbali na hakuwa na njia ya kutuma. Baba wa leo yuko Ujiji, Tabora au Dar es Salaam, na simu aliyo nayo mfukoni hupeleka fedha kijijini kwa dakika moja.

Wala si wakulima peke yao. Wamo walimu, makarani na mabwana shamba waliohamishwa wilaya, wakaoa upya na kuwasahau watoto wa kituo cha kwanza. Hawa wana hati ya mshahara, na mahakama inaweza kuuona mshahara huo. Mwalimu mkuu na afisa utumishi wanawafahamu kwa majina. Mama akija ofisini kuuliza mume wake wa zamani amehamishiwa wapi, ajibiwe.