Tiba ya Mifugo Isiachiwe Wenye Fedha

Imezuka hoja ambayo sasa inasemwa kwa sauti kubwa katika semina na mikutano ya mijini, nayo ni kwamba tatizo la huduma za mifugo katika nchi yetu limekwisha kumpata mwenyewe. Mwenyewe huyo, tunaambiwa, ni soko. Miji inakua, kuku wa nyama na wa mayai wanafugwa kila uchochoro, mbwa wa ulinzi wamejaa majumbani, na kliniki za mifugo zinafunguliwa. Kwa hiyo, wanasema wenye hoja hiyo, serikali ijitoe pole pole, madaktari wa mifugo waachwe wafanye biashara yao, na huduma itawafikia wananchi wote kwa wakati wake.

Makala haya yanaipinga hoja hiyo. Hayapingi kwamba miji inakua. Hilo ni kweli tupu. Mwaka 1967 hata mtu mmoja kati ya kumi hakuwa akiishi mjini. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba asilimia 34.9 ya Watanzania wanaishi mijini, na Dar es Salaam peke yake ina watu 5,383,728. Mji wa namna hiyo unataka nyama, mayai na maziwa kila kukicha, na anayeviuza yuko tayari kumlipa daktari ili mtaji wake usife. Wazee wetu, watumishi wa serikali na walimu wa miaka ya 1980, wanakumbuka jinsi mshahara ulivyokuwa haufiki katikati ya mwezi, wakajenga mabanda ya kuku na ya ng'ombe wa maziwa nyuma ya nyumba zao. Mabanda yale ni miongoni mwa chimbuko la soko hili. Hatuna ugomvi nalo. Ugomvi wetu ni na wale wanaotoka katika ukweli huo wakafikia uongo, kwamba kinachomlipa daktari mjini kitamlipa pia kijijini.

Tutoke mjini basi, twende Mtua, huko Nachingwea na Ruangwa. Mfugaji wa sehemu hizo si tajiri wa ng'ombe, kwa maana kwa miaka mingi mbung'o waliwazuia ng'ombe wasistawi katika sehemu kubwa ya mkoa wa Lindi. Mali ya nyumba ni kuku wachache wa kienyeji, pengine mbuzi wawili watatu, na mbwa wa kulinda shamba dhidi ya nguruwe na nyani. Kuku huyo ndiye daftari la mtoto, ndiye sare ya shule, ndiye nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali. Kideri kikiingia, banda zima huisha kwa siku chache. Kideri hakina dawa, lakini kina chanjo. Chanjo ya I-2, ambayo inatengenezwa hapa hapa nchini na inastahimili joto kuliko zile za zamani, hutolewa kwa tone moja tu katika jicho la kuku, na hurudiwa kila baada ya miezi michache.

Ikiwa kinga ni rahisi hivyo, kwa nini kuku wanaendelea kufa? Hapa ndipo soko linapoumbuka. Kichupa kimoja cha chanjo kinatosha kuku mia na zaidi, na mama wa kijijini ana kuku wanane. Akikinunua peke yake, anamwaga fedha yake. Asipokinunua, anasubiri msiba. Wa kumkusanya pamoja na jirani zake, akawapangia siku, akafika na chanjo iliyo hai, ni bwana mifugo wa kata anayelipwa mshahara na umma. Muuza dawa wa mjini hana faida ya kutembea kutwa nzima kwa ajili ya kuku wanane. Hatumlaumu, ndivyo biashara ilivyo. Tunawalaumu wanaotaka tuamini kwamba atatembea.

Hata hivyo kuku akifa hasara ni ya mwenye kuku. Kuna jambo zito zaidi. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili katika mwili wa binadamu, hakuna daktari wala fedha inayoweza kumwokoa. Karibu watu wote wanaokufa kwa ugonjwa huo waliupata kwa mbwa, na watoto ni wengi miongoni mwao. Sayansi imekwisha kusema kinachotakiwa: mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, na wakachanjwa tena na tena, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Sasa na tuwaulize ndugu zetu wa soko: ni nani atakayelipa? Mwenye mbwa wa kijijini hapati kitu kwa kumchanja mbwa wake. Anayeokolewa ni mtoto wa jirani anayekwenda shule alfajiri. Na mwenye mbwa mjini, hata akimlipia mbwa wake kila chanjo iliyopo, hawezi kumzuia mbwa asiye na mwenyewe asipite mtaani. Mbwa mwenye kichaa haulizi nani amelipa.

Haya si maneno ya kubuni. Kuanzia mwaka 2010 nchi yetu ilishirikiana na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za mfuko wa Bill na Melinda Gates, kuchanja mbwa katika eneo la kusini-mashariki, mikoa ya Lindi na Mtwara ikiwamo, pamoja na kisiwa cha Pemba. Pemba ugonjwa ulikatika mwaka 2014, ukarudi mwaka 2016, ukapigwa vita tena mpaka ukakatika mwaka 2018. Funzo la Pemba ni wazi. Ushindi ulipatikana kwa chanjo ya umma iliyotolewa kwa mbwa wa tajiri na wa maskini bila ubaguzi, na adui alirudi mara tu alipopata mlango. Kazi ya namna hii haiwezi kuachiwa wafadhili, ambao mradi wao una mwisho, wala wafanyabiashara, ambao hawana sababu ya kuianza.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni matatizo ya vijijini, na mji una madaktari wake. Hao nao wanajidanganya. Sotoka ya mbuzi na kondoo ilithibitishwa kaskazini mwa nchi yetu mwaka 2008, na haukupita muda mrefu ikaingia Newala na Tandahimba, mamia ya kilomita kutoka huko. Ilichukuliwa na mbuzi walionunuliwa katika mnada wa Pugu, Dar es Salaam. Soko lililinunua na kuliuza gonjwa pamoja na mbuzi, wala halikutoa risiti. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji walipoondolewa katika bonde la Usangu, makundi makubwa ya ng'ombe yalielekezwa mkoa wa Lindi, ambako majosho na wataalamu wa ng'ombe walikuwa haba. Na mwezi Julai mwaka 2022, hapo hapo Ruangwa, watu walianza kuugua homa na kutokwa damu puani. Taifa zima lilishika pumzi. Wagonjwa 20 waliripotiwa na watatu walifariki kabla ya kutangazwa kwamba ni homa ya Mgunda, ugonjwa unaoenezwa na mkojo wa wanyama walioambukizwa. Hatudai kwamba daktari wa mifugo mmoja angeyaokoa maisha hayo. Tunachosema ni kwamba palipo na mtaalamu anayewaangalia wanyama kila siku, ugonjwa una nafasi ya kuonekana zizini kabla haujafika wodini.

Pengo hilo linapoachwa wazi, halikai tupu. Duka la dawa hulijaza. Mfugaji ambaye hana wa kumwuliza hununua dawa ya sindano kwa kukisia, humchoma mbuzi kipimo cha kukisia, na mbuzi asipopona humchinja upesi ili asipate hasara. Nyama hiyo yenye mabaki ya dawa husafiri. Itafika katika sahani ya mtumishi wa mjini ambaye ana daktari wa mifugo mlango wa tatu. Na vijidudu vilivyozoea dawa kule zizini vitakuja kumshangaza daktari wa binadamu hospitalini.

Tukumbuke tulikotoka. Baada ya makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, tulifundishwa kwamba umma ubane matumizi na mwananchi achangie. Majosho mengi yalikauka. Katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha, neno kupe lilikuwa jina la mnyonyaji. Kwa mfugaji aliyeachiwa josho kavu, kupe halikuwa neno la siasa hata kidogo, alimwona sikioni mwa ng'ombe wake. Wananchi wa Nachingwea wanalijua funzo hili tangu zamani. Waingereza walijenga reli kule kwa ajili ya mradi wao wa karanga ulioanza mwaka 1947. Mradi ulianguka mwaka 1951, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikang'olewa. Huduma inayofuata shehena huondoka na shehena.

Tutajibiwa kwamba serikali haina fedha. Jibu hilo halitoshi. Mtoto aliyeumwa na mbwa hutibiwa kwa sindano kadhaa ambazo gharama yake ni mara nyingi zaidi ya chanjo ya mbwa mmoja. Fedha hiyo hutoka, ama kwa umma ama kwa baba anayeuza shamba. Kinachobishaniwa ni kama tulipe kidogo mapema au kingi tukiwa tumechelewa. Mwaka 2025 serikali yenyewe ilizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo ya mifugo, ikabeba sehemu ya gharama, na chanjo ya kuku ikatolewa bure. Hatua hiyo ni ya kupongezwa, na ni ushahidi kwamba soko peke yake halikuweza. Lakini kampeni hupita, na kideri hakipiti.

Tunapendekeza basi mambo matatu. Kwanza, kinachomfaa mwenye mnyama peke yake kilipiwe na mwenyewe kwa bei kamili, na sehemu ya ada na leseni za biashara hiyo mijini irudi kuwahudumia wafugaji wa kata za mbali. Pili, chanjo ya kideri, ya sotoka ya mbuzi na ya kichaa cha mbwa ihesabiwe kuwa ulinzi wa taifa, iwe na fungu la kudumu katika bajeti ya kila halmashauri. Tatu, kijana aliyesomeshwa utabibu wa mifugo kwa fedha za umma aanze kazi yake katika kata kama Mtua, apewe nyumba, pikipiki na jokofu la chanjo, kabla hajafungua kliniki mjini.

Na nyinyi ndugu walimu na watumishi wa wilaya, msisubiri waraka. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia wananchi vijijini kwa vikundi vya kusoma na kujadiliana, na ikaacha vyoo vilivyochimbwa kwa mikono yao. Uwanja wa shule unatosha kuwa kituo cha chanjo, na mwanafunzi anayejua kuosha jeraha la mbwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha akakimbizwa zahanati, amepata somo litakaloweza kumwokoa. Mtumishi anayepanga bajeti ya halmashauri naye ajiulize, kabla hajalifuta fungu la chanjo ili apate fedha za semina, ni mtoto wa nani atakayeilipia semina hiyo.