Mchuzi wa nyama haumtoshi mtoto

Robo kilo ya nyama ikiingia kwenye sufuria ya watu saba, wewe mzazi unajua minofu inaishia sahani ya nani. Mtoto wa miaka miwili anaambulia kipande kidogo na mchuzi mwingi juu ya ugali, kisha tunasema amekula nyama. Mchuzi una ladha, chumvi na mafuta. Protini ya kumjenga ilibaki kwenye mnofu, na mnofu kala baba.

Nyama haitashuka bei kwa sababu tunaitamani. Ng'ombe anahitaji malisho na maji, na ukame wa 2021/22 uliua maelfu ya mifugo Simanjiro. Mbaazi huvumilia ukame, tena mizizi yake hurutubisha udongo. Mwaka 2017 India ilipobana ununuzi wa mbaazi kutoka nje, bei ilianguka na wakulima wetu wakabaki na magunia ndani. Ajabu ni kwamba chakula hicho tulikiona hasara, wakati watoto wetu wamedumaa.

Gramu 100 za maharage makavu zina gramu 20 hivi za protini, sawa na nyama mbichi ya uzito huo. Yakiiva yamekunywa maji, hivyo kikombe kimoja kina takriban gramu 15. Ugali au wali huongezea kile ambacho protini ya maharage inapungukiwa, ndiyo maana makande ni mlo wa maana, si chakula cha adhabu cha bweni.

Gesi isikukatishe tamaa. Loweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha mpaka yalainike kabisa. Maharage mekundu yasiyoiva hutapisha. Magadi huyaivisha haraka lakini huharibu vitamini B1. Mtoto aliyetimiza miezi sita mpondee, ukimpa na kipande cha papai au chungwa ili madini ya chuma yanyonywe vizuri. Chai mnyime.

Siwaambii muache nyama. Vitamini B12 haipatikani kwenye maharage, kwa hiyo yai au dagaa mara kadhaa kwa wiki bado vinahitajika, hasa kwa mtoto na mjamzito. Na wewe mwenye ugonjwa wa figo, maharage yana potasiamu nyingi: usibadili mlo kabla ya kuzungumza na daktari wako au mtaalamu wa lishe.