TUJIFUNZE MISEMO, TUSIRIDHIKE NA MANENO

Wako wafanyakazi wengi nchini mwetu ambao kila siku hufanya kazi bega kwa bega na watu wa mataifa mengine. Bandarini, migodini, mahotelini na katika ujenzi wa barabara na reli, Kiswahili hukutana na Kiingereza, Kichina, Kituruki na Kiarabu. Tunawapongeza wale wote wanaotumia saa zao za mapumziko kujifunza lugha za wenzao. Lakini yatupasa kuwakumbusha jambo moja: mwenye kukusanya maneno peke yake, akaiacha misemo, amebeba matofali bila ya udongo wa kuyashikiza.

Tutazame neno letu “pole”. Mswahili akimwona mwenzake ameumia humwambia pole, na maana yake ni kumwonea huruma. Kamusi nyingi hulifasiri kwa neno la Kiingereza “sorry”, ambalo Waingereza hulitumia mara nyingi kwa kuomba radhi. Basi fundi wetu akimwambia hivyo mgeni aliyeumizwa na mashine, aweza kudhaniwa kuwa amekiri kosa. Huruma yake imegeuzwa ushahidi dhidi yake mwenyewe.

Vivyo hivyo kwa saa. Sisi twahesabu tangu mapambazuko. Mwingereza huanza usiku wa manane na adhuhuri. Kibarua akiambiwa kwa Kiingereza aje saa “eight”, naye akafasiri kuwa ni saa nane, atafika wakati wenzake wamekwisha kufanya kazi kwa saa sita. Atakayekatwa ujira ni yeye, wala si mwandishi wa kamusi.

Hata hivyo, misemo ya watu haileti hatari tu. Huleta udugu pia. Waturuki, ambao kampuni yao ilijenga sehemu za kwanza za reli mpya inayobeba abiria baina ya Dar es Salaam na Dodoma tangu mwaka 2024, wakimpita mtu aliye kazini humwambia “kolay gelsin”, yaani kazi na ikuwie nyepesi. Waarabu wa nchi nyingi humwombea mfanyakazi Mungu ampe afya, na neno wanalolitaja ni hilo hilo “afya” tulilolipokea sisi kutoka kwao. Je, haya si ndugu wa “pole na kazi” yetu? Wachina, hasa wazee, wakikutana huulizana kama mtu amekwisha kula. Wao ndio waliojenga pamoja na Watanzania na Wazambia reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kati ya mwaka 1970 na 1975. Asiyejua desturi hiyo aweza kudhani anakaribishwa chakula, kumbe anaamkiwa.

Na wageni nao wana wajibu. Mgeni aliyejifunza kuwa “kupiga” ni kutandika kwa mkono au fimbo, kisha akasikia tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga magoti na tunapiga kura, atatuona watu wa ugomvi mtupu. Msimamizi anayetaka kuheshimiwa na Waswahili hana budi kujua “hodi” kabla ya kuingia, na kujua kuwa kijana akimwambia mzee “shikamoo” hungoja “marahaba”. Amri isiyotanguliwa na salamu hutiiwa shingo upande.

Lipo pia kosa letu wenyewe tulio na kalamu na vipaza sauti. Siku hizi twasikia kila mahali “mwisho wa siku”, msemo wa Kiingereza uliovikwa kanzu. Kwa Mswahili, mwisho wa siku ni magharibi, watu wanaporudi majumbani. Ikiwa ni matokeo tunayoyataja, “hatimaye” na “mwishowe” yako tangu zamani wala hayadai ada. Mwalimu Nyerere alipofasiri tamthilia ya Shakespeare inayomhusu mfanyabiashara wa Venice, kitabu chake cha mwaka 1969 alikiita Mabepari wa Venisi. Kamusi ingempa neno la biashara. Yeye alichagua neno ambalo wasomaji wake walikuwa wakilijua uzito wake. Huko ndiko kufasiri.

Tunashauri mambo matatu. Kwanza, madarasa ya lugha kazini yaanze na shughuli zenyewe: kuamkiana, kuonya hatari, kuomba radhi, kukataa kwa adabu. Pili, mwanafunzi asiulize tu neno fulani ni nini, bali aulize husemwa lini, na nani, kwa nani. Kisha aandike daftarini. Tatu, vyama vya wafanyakazi visimamie kuwa hakuna mfanyakazi atiaye sahihi mkataba wa lugha ya kigeni kabla ya kufafanuliwa na mtu azijuaye vyema lugha zote mbili.

Kiswahili sasa kina heshima kubwa. Mwaka 2022 kilikubaliwa kuwa lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika. Heshima hiyo yataka wafasiri hodari, nao hawatapatikana kwa kukariri kamusi. Ndugu wafanyakazi, kila mmoja wetu na ajifunze leo msemo mmoja wa jirani yake wa kazini, na amfundishe mmoja wa kwetu.